Kabla hujaongeza pesa ya matangazo, mkaribishe aliyekwisha kuja

Nauza mashati na magauni ya kitenge mtandaoni, nikiwa Kampala, na wenzangu wenye maduka kama langu huniuliza sana: tangazo niliweke wapi? Mimi huwarudishia swali. Wale walioletwa na tangazo la mwezi uliopita, uliwaambia nini?

Hapo ndipo pesa inapovuja. Tuseme umetumia shilingi 600,000 kwenye matangazo ya Instagram, ukapata wanunuzi wapya 20. Kila mmoja amekugharimu 30,000. Lakini kuna wengine 200 walioingia dukani, wakatazama, wakaacha anwani ya barua pepe, kisha wakaenda zao. Hao umeshawalipia. Barua ya kuwakaribisha ikiwafanya 10 tu kati yao wanunue, gharama ya mteja mmoja inashuka hadi 20,000, na hujaongeza hata senti kwenye tangazo.

Kwetu Uganda hesabu hii inauma zaidi. Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na watu wakazoea kuingia kwa VPN, programu inayoficha simu iko nchi gani. Mtu yuko zake Ntinda, hapahapa Kampala, simu yake inaonekana iko Uholanzi, na tangazo ulilolilenga Kampala linaweza kumpita hivihivi. Anwani aliyokupa mwenyewe inamfikia popote.

Sasa umwandikie nini? Wengi watakwambia umpe punguzo la asilimia 10 papo hapo. Mimi silipendi. Gauni la 90,000 ukilipunguza hivyo umetoa 9,000, na hiyo nayo ni gharama ya kumpata mteja, ijumlishe pamoja na pesa ya tangazo. Tena utampunguzia hata yule aliyekuwa tayari kulipa bei kamili. Na kwa ninavyowaona wateja wangu, kinachowazuia mara nyingi si hiyo 9,000. Wanaogopa kutuma pesa kwa mtu wasiyemjua, halafu mzigo usije. Wana haki ya kuogopa, maana matapeli tunao.

Kwa hiyo barua yangu ya kwanza inashughulika na woga huo tu:

“Karibu sana. Nguo zetu zinashonwa hapahapa Kampala. Ukiwa Kampala, Entebbe au Mukono, bodaboda anakuletea mzigo, unaufungua, unaukagua, ndipo unalipa. Ukiwa mbali zaidi tunautuma kwa basi, na tunakutumia picha ya risiti ya basi siku hiyohiyo. Ukilipa kwa Mobile Money, kabla hujaweka namba ya siri angalia jina linalotokea kwenye simu: liwe jina la duka hili. Likiwa jina lingine, usilipe, tupigie. Kama una wasiwasi na saizi, chukua shati lako linalokukaa vizuri, lilaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, unitumie kipimo kwa kujibu barua hii.”

Basi. Picha moja ndogo chini yake, kwa sababu bando si bure na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Habari za historia ya duka na ndoto zako za biashara ziweke kwingine. Mstari wa jina kwenye simu ndio ninaoulinda kuliko yote. Tapeli si rahisi auandike, na mteja akiusoma anajua anaongea na mtu anayezijua shida zake.

Barua itoke dakika ileile mtu anapojisajili, simu ikiwa bado mkononi. Programu kama Mailchimp au Brevo zinaituma zenyewe ukishaipanga mara moja. Asiponunua, mpelekee ya pili baada ya siku mbili tatu, na kama lazima utoe punguzo, litoe hapo, kwa hao tu waliobaki. Baada ya hapo mwache apumue.

Usitume kutoka anwani isiyopokea majibu. Mteja mmoja wa Arua alinijibu: “Dada, basi likifika usiku wa manane, mzigo wangu unalala wapi?” Unalala ofisini kwa kampuni ya basi mpaka akaufuate asubuhi, na jibu hilo sasa limo ndani ya barua, maana aliyeuliza ni mmoja lakini walionyamaza wakaondoka huwa ni wengi.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo huwezi kuyakwepa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji, kwa hiyo tuma kwa anwani yenye jina la tovuti yako, mwombe fundi wako aweke SPF na DKIM (alama zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli), na kitufe cha kujiondoa kionekane. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: mtu akubali mwenyewe kuandikiwa. Namba uliyoipata alipolipia mzigo wa jirani yake haihesabiki.

Kujua kama inafanya kazi, wagawe wanaojisajili mafungu mawili kwa mwezi mmoja, fungu moja lipate barua, jingine lisipate, kisha hesabu wanunuzi wa kila upande. Usihesabu waliofungua barua, kwani kufungua si kununua.

Na kama wateja wako ni akina mama wa soko la Owino, barua pepe achana nayo kabisa. Wanaoisoma ni watu wa maofisini na wa mashirika, wanafunzi wa vyuo, na ndugu walioko ng'ambo wanaomnunulia mama nguo ya sikukuu. Hao wa sokoni wafuate kwenye WhatsApp, kwa maneno yaleyale, mafupi zaidi, na kwa ruhusa yao.