Wiski ya Uskoti na ya Ayalandi: zinatofautiana wapi hasa?

Ndugu uliyeuliza kama tofauti ni kwamba Waayalandi wanakeneka mara tatu na Waskoti mara mbili, basi: hiyo ni desturi tu, si sheria. Auchentoshan ni ya Uskoti na hukenekwa mara tatu. Connemara ni ya Ayalandi, hukenekwa mara mbili, tena ina ladha ya moshi.

Tofauti kubwa zaidi, kwangu mimi, iko kwenye nafaka. Wiski ya kimea ya Uskoti hutumia shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, basi. Ayalandi wana mtindo wao wa mitambo ya shaba (“pot still”), kama wa wiski ya Redbreast, unaochanganya shayiri iliyooteshwa na ile isiyooteshwa, kila moja isipungue asilimia 30. Kodi ya kimea ya 1785 iliusukuma sana mtindo huo, maana shayiri isiyooteshwa haikutozwa. Ndiyo inayoleta ule uzito wa mafutamafuta na ladha ya viungo ulimini. Onja Redbreast kabla hujasema wiski ya Ayalandi ni laini tu!

Kuhusu ladha ya moshi ya Laphroaig na Ardbeg, wiski za kisiwa cha Islay huko Uskoti: inatokana na mboji ya kinamasi (“peat”, mabaki ya mimea yaliyokauka) inayochomwa wakati wa kukausha kimea, haitoki kwenye pipa. Wala si kila wiski ya Uskoti ina moshi. Glengoyne hutumia kimea kilichokaushwa kwa hewa ya moto bila mboji kabisa.

Umri wa chini ni miaka 3 kwenye pipa, kote kuwili.