Foo wili haiingii, taa inawakawaka tu

SWALI: Fundi shikamoo. Pikapu yangu ni dabo kebini, foo wili yake (ile ya kuendesha matairi yote manne) ni ya kuzungusha swichi kwenye dashibodi. Tangu mvua zianze huku Makete nikiweka 4H (foo wili ya mwendo wa kawaida) taa inawakawaka tu haitulii, 4L (ile ya nguvu, ya polepole) ndo kabisaa. Fundi wa hapa anasema ninunue transfa kesi nzima (ile boksi ya gia inayogawa nguvu mbele na nyuma), hela sina.

JIBU: Marahaba, na hiyo hela tulia nayo kwanza. Taa kuwakawaka maana yake kompyuta imetoa amri ila haijapata jibu kwamba gia imeingia. 4L gari nyingi zinataka usimame, uweke nyutro na ukanyage klachi, watu wengi wanasahau hapo halafu lawama kwa gari.

Sasa weka kuni kwenye matairi, handibreki juu, swichi ya ufunguo on, mtu azungushe ile ya foo wili we usikilize chini, pale kwenye transfa kesi kuna kimota kimefungwa kwa bolti, kinakula matope yote ya njiani. Kimya kabisa? Angalia fyuzi, rilei, halafu chomoa soketi yake upime na taa ya tesita kama umeme unafika wakati wa kubadilisha. Mara nyingi nakuta pini za kijani kwa kutu, unasafisha inapona. Umeme upo ila hakizunguki, basi kimota kimekufa, na kinauzwa peke yake! Kikizunguka vizuri na taa bado inacheza, kagua difu ya mbele, nayo ina kifaa chake cha kuunganisha.