Maswali ya Wasomaji: Kidani cha bibi na wekundu usiotoka

SWALI: Nimerithi kwa bibi kidani kipana cha Kimasai, shanga zimeshonwa kwenye ngozi. Kina wekundu kila mahali, na pete zake za shaba zina utando wa kijani unaonata. Nikiloweke kwenye maji ya sabuni? Na nitajuaje kama shanga ni za kioo?
Msomaji, Arusha

JIBU: Usikiloweke, dada. Wekundu huo ni ngeu, ule udongo mwekundu, iliyochanganywa na mafuta. Si uchafu; ni ushahidi kwamba kidani kilivaliwa, na mkusanyaji anayejua kazi yake huutafuta kwanza. Isitoshe, ngozi ikilowa hukakamaa ikikauka, ikavuta uzi mpaka ukakatika. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kavu.

Kijani ndicho cha kuondoa. Mafuta ya ngozi hula shaba na kutoa unata huo. Ukwangue kwa kijiti cha mianzi, kisha futa shaba peke yake kwa pamba yenye tone la spiriti. Utarudi tu, kwa hiyo kagua kila baada ya miezi sita. Ndimu na siki ziache jikoni.

Kuhusu kioo, gusisha shanga shavuni: kioo ni baridi, plastiki sivyo. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, mstari wa kalibu ubavuni ni dalili ya plastiki. Usichome kwa sindano ya moto. Shanga nyekundu yenye tundu jeupe ni ya aina iliyotoka Venice, ambayo misafara ya karne ya 19 iliiita samesame. Hata hivyo haithibitishi umri wa kidani, kwani shanga kongwe hutungwa upya kwenye uzi wa nailoni. Uangalie uzi kabla ya shanga.

Kilaze, usikitundike. Kifunge kwa merikani iliyofuliwa hadi wanga utoke, maana wadudu huufuata.

SWALI: Nina bangili ya pembe ya ndovu ya ukoo. Naweza kumuuzia mtalii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Mwaka 1989 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, na nchini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka hati hata kwa kumiliki tu. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaeleze ilikotoka. Ila kwanza itazame kwenye mwanga: pembe ina mistari inayokatizana kama wavu, mfupa una vitone vyeusi vya mishipa. Nyingi zinazoitwa pembe ni mfupa wa ng'ombe.