Mnyama Aliyeungua Porini: Giza, Utulivu, Kisha Daktari

Moto wa porini ukizimika, watu wenye huruma huanza kutafuta wanyama waliojeruhiwa. Nimejitolea katika kazi hii kwa muda sasa, na jambo la kwanza ninalowaambia wapya ni hili: mnyama aliyenusurika moto anaweza kuuawa na hofu ya mikono yetu.

Usiingie eneo lililoungua kabla wazima moto hawajaruhusu. Mti huweza kuonekana umesimama imara kumbe ndani umeliwa na moto, na mizizi huendelea kuwaka chini ya majivu.

Ukimwona mnyama mdogo aliyelegea, usimkimbize. Swala au paa akifukuzwa sana, misuli yake huharibika, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye hata kama hana kidonda kikubwa. Vaa glavu nene, mfunike kwa taulo, kisha mweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa. Lifunike boksi, liweke mbali na mbwa, watoto na kelele, na usilifunguefungue kumchungulia. Picha zisubiri.

Maji ndiyo yanayotuponza zaidi. Wakati wa moto mkubwa wa Australia wa 2019 na 2020, picha za koala, wanyama wadogo wa huko wanaoishi mitini, wakinyweshwa kwa chupa zilisambaa duniani kote, na madaktari wa wanyama wakalazimika kutoa onyo: mnyama akiinuliwa kichwa na kumiminiwa maji, hupaliwa, maji yakaingia mapafuni. Weka bakuli la kina kifupi karibu naye, akitaka atakunywa mwenyewe. Chakula usimpe mpaka daktari aseme.

Kidonda kibichi cha moto kinapozwa kwa maji ya kawaida, si barafu, na kiumbe mdogo asiachwe alowe mwili mzima maana baridi nayo humuua. Usipake mafuta, dawa ya meno wala asali ya jikoni.

Usidanganyike na mnyama anayetembea vizuri. Nakumbuka sungura pori aliyeletwa akiwa mchangamfu, manyoya yote yapo. Dalili pekee ilikuwa ndevu zilizojikunja ncha na masizi kidogo puani. Kesho yake ngozi ya nyayo ilianza kumenyuka, na pumzi ikawa nzito kwa sababu ya moshi aliovuta. Kwa hiyo angalia ndevu, pua na nyayo, halafu mpeleke kwa daktari hata kama unamwona mzima.

Madaktari wana mbinu ambazo sisi hatuna. Baada ya moto wa porini ulioitwa Thomas huko California, Marekani, ulioanza Desemba 2017, dubu wawili walioungua nyayo walifungwa ngozi ya samaki aina ya perege iliyosafishwa kitaalamu, wakapona na kurudishwa porini. Wakati mwingine daktari ataamua kumpumzisha mnyama, yaani kumuua bila maumivu. Inauma sana, lakini nimeona mateso ambayo hayakustahili kurefushwa.

Popo, nyoka na wanyama wala nyama usiwaguse kabisa. Popo na wala nyama wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kaa mbali, piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori, na uwaulize pia kuhusu kibali, kwani nchi nyingi haziruhusu mtu kufuga mnyama wa porini nyumbani.

Andika mahali hasa ulipomwokota, kwa alama zinazoeleweka, na ulibandike karatasi hilo juu ya boksi. Akipona, watakaomrudisha watahitaji kujua eneo lake.