Re: Nakaanga samaki kutwa nzima, imani yangu imebaki jina tu?

Dada yangu shikamoo kama umenizidi, kama sio basi mambo. Unasema unakaanga samaki hapa Bagamoyo, alfajiri unawahi mnadani, kwaya umeacha, jumuiya huendi, unaona ukristo umebaki jina tu. Mi nabisha kidogo. Fungua Yohana 21, Yesu kashafufuka, kashashinda mauti, halafu yuko ufukweni na moto wa makaa, samaki juu yake na mkate, anawangoja kina Petro waliokesha ziwani bila kupata kitu (wavuvi wenzetu hao) waje wale. Yaani angeweza kufanya lolote asubuhi ile, akapika! Toka niisome vizuri hiyo jiko langu silioni kama zamani.

Hata hapo misheni, mapadri wamefika 1868, sisi tunakumbuka msalaba na kanisa ila kulikuwa na kulisha watu waliotolewa utumwani, kulima, kupanda minazi.

Basi ukiwasha jiko sema tu Bwana asante kwa leo. Yule mtoto anayekuja na mia mbili mfungie kipande bila kumsimanga, samaki wa jana usimuuze kama wa leo (hapo mi mwenyewe nimeshaanguka, nakiri), na mteja akikutukana ukanyamaza hiyo nayo sala, tena ngumu kuliko mkesha.

Ila jumuiya usiiache moja kwa moja, waombe waje kwako jioni hata mara moja kwa mwezi, sisi tulifanya hivyo wakaja na viti vyao.