Si ukaidi, dada: kuhusu mtoto wa mdogo wako

Dada wa Ngamiani, pole sana. Umesema mtoto unayemlea ana miaka 8, mama yake alikunywa pombe akiwa na mimba yake, na sasa somo la jana leo halikumbuki, mwalimu anamchapa kwa "ukaidi".

Si ukaidi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Madhara hayo hayana dawa ya kuyafuta, ila malezi yanayomfaa humsaidia sana.

Mpeleke hospitali ya Bombo. Mweleze daktari habari za mimba bila kuficha, kwani hakuna kipimo cha damu cha kumpima mtoto tatizo hili. Omba wamwangalie macho, masikio na moyo pia.

Nyumbani mpe agizo moja moja. Usiseme "oga, vaa, kateke maji." Sema "lete ndoo", akishaileta, mwambie linalofuata. Kula na kulala kuwe saa zilezile. Kwa mtoto wa kwetu, hili ndilo lililosaidia kuliko yote.

Shuleni nenda na maelezo ya daktari, ikibidi pamoja na afisa ustawi wa jamii. Fimbo haimrudishii kumbukumbu.

Kliniki utakutana na wazazi wenzako. Hata mkiwa watatu, shikeni zamu ya kuangaliana watoto, kila mmoja apate kupumzika.

Mdogo wako asitukanwe, asaidiwe kuacha. Ila kama anakunywa kila siku, asiache ghafla bila daktari: akitetemeka, akiona mauzauza au akipata degedege, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.