Daftari langu la kufunga na kuomba

Kwa miaka mitatu nilikuwa na daftari. Alama ya vema kwa siku niliyoamka saa kumi na moja kusali, au niliyofunga. Alama ya kosa, kwa wino mwekundu, nikimfokea mtu au nikilala bila kuomba. Alama nyekundu zikizidi, Jumapili sikwenda Meza ya Bwana, kushiriki mkate na divai. Nilibaki kwenye benchi nikijifanya natafuta wimbo kitabuni.

Na si kwamba sikufundishwa. Mimi Mlutheri, "kuhesabiwa haki kwa imani", yaani Mungu humkubali mtu kwa kumwamini, si kwa matendo yake, nilikariri darasa la kipaimara, nikapasi.

Kilichonifumbua macho ni mpangilio wa sura tu. Mwanzo 15:6, Abrahamu anamwamini Mungu na kuhesabiwa haki. Tohara inakuja sura ya 17. Kwenye Warumi 4 Paulo anauliza kama karani: alihesabiwa lini, kabla ya kutahiriwa au baada? Kabla. Tohara ilikuwa muhuri tu wa jambo lililokwisha kufanyika. Mimi nilikuwa nagonga mihuri nikitumaini barua itajiandika yenyewe.

Basi kama nawe una daftari, hata la kichwani, siku uliyoharibu usisubiri ipoe ndipo usali. Sali usiku huohuo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, hakuinua hata macho, akasema sentensi moja, akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Mwenye orodha alikuwa Farisayo, mshika sheria za dini aliyepanda hekaluni kusali pamoja naye: kufunga mara mbili kwa juma, zaka ya mapato yote. Niliposoma orodha ile niliona mwandiko wangu.

Najua utaniuliza habari za Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Usiuruke mstari huo. Ila angalia: Yakobo anamtaja Abrahamu akimtoa Isaka, Mwanzo 22, mbali kabisa na sura ya 15: tendo lilikuja baada ya kuhesabiwa haki. Walutheri na Wakatoliki walivutana juu ya haya tangu karne ya 16, hadi 31 Oktoba 1999 walipotia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg: tunakubaliwa kwa neema, matendo mema ni matunda yake. Si kila tofauti iliisha, lakini hilo walikubaliana.

Mwezi uleule nilipofumbuka macho, nilimrudishia jirani shilingi elfu arobaini nilizokuwa nikimzungusha mwaka mzima. Katika daftari langu deni lile halikuwahi kuwa na safu. Kurasa zilizobaki binti yangu anachorea mbuzi.